Kitale na Bungoma: Umbali ni mmoja angani, mbona saa za safari hazilingani?

UKITANDAZA ramani ya Kenya mezani, ukaweka ncha moja ya rula kwenye uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi na kuielekeza ncha ya pili hadi uwanja wa Kitale, utapata umbali wa takriban kilomita 327. Ukiizungusha rula hiyo kidogo kuelekea kusini hadi Bungoma, bila kuiondoa ncha iliyo Nairobi, utastaajabu: umbali ni ule ule, tofauti ikiwa kilomita moja hivi.

Na bado, siku ambayo ndege ipo, mkazi wa Kitale aweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani kwake na kuwa katikati ya Nairobi kabla ya chakula cha mchana. Jirani yake wa Bungoma, aliye umbali uo huo na jiji, atakuwa ametumia karibu saa sita hata akipanda ndege. Akitumia basi, saa nane au tisa zitakwisha.

Swali la umbali wa ndege na muda wa safari huulizwa mara nyingi siku hizi, na aghalabu hujibiwa kwa haraka mno. Programu za kukadiria safari humpa msomaji nambari mbili, kilomita na dakika, kisha humwacha aamini kwamba kazi imekwisha. Ukiziuliza kuhusu Kitale na Bungoma zitakujibu bila kusita, ingawa hakuna ndege ya abiria inayoruka kwa ratiba kati ya miji hiyo miwili. Kwa anayepanga safari ya hospitali, ya mahojiano ya kazi au ya kuelekea ughaibuni, tofauti baina ya dakika za kwenye kioo na saa za barabarani si jambo dogo.

Tuanze na umbali wenyewe. Sayari yetu ina mzunguko wa takriban kilomita 40,000 penye Ikweta. Duara lina digrii 360, kwa hivyo digrii moja ni sawa na kilomita 111 hivi. Marubani wao huigawa digrii hiyo mara 60, na kila sehemu huiita maili ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Ndiyo maana kasi ya ndege hutajwa kwa maili za baharini kwa saa, wala si kwa kilomita.

Wakazi wa Magharibi mwa Kenya wana bahati moja katika hesabu hii. Wanaishi karibu sana na Ikweta, mahali ambapo digrii ya latitudo na ile ya longitudo zina urefu unaokaribiana mno. Huko Ulaya mistari ya longitudo huwa imeanza kusogeleana kuelekea ncha ya dunia, na hesabu hugeuka ngumu. Hapa kwetu mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Uwanja wa Kitale uko kwenye latitudo ya digrii 0.97 kaskazini na longitudo ya digrii 34.96 mashariki. Ule wa Bungoma uko digrii 0.58 kaskazini na digrii 34.55 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 0.39, ambazo ni kilomita 43. Tofauti ya longitudo ni digrii 0.41, yaani kilomita 46 hivi. Umbali huo wa kusini na ule wa magharibi ni pande mbili za pembetatu yenye pembe ya digrii 90, na njia ya ndege ni upande wa tatu, ule mrefu. Kwa kanuni ya Pythagoras, 43 mara 43 ni 1,849. 46 mara 46 ni 2,116. Jumla ni 3,965, na kipeuo chake cha pili ni 63. Basi umbali kati ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 63, au maili 34 za baharini.

Barabara haifuati mstari huo. Kutoka Kitale hupitia Kiminini na Kamukuywa, ikateremka hadi Webuye, ndipo ikapinda magharibi kuelekea Kanduyi na Bungoma. Msafiri huishia kusafiri kilomita zipatazo 80 na zaidi, kwa muda wa saa mbili hivi, kutegemea mvua, malori na hiari ya dereva wa matatu kusimama kila steji. Ndege ingekata moja kwa moja, ikipita baina ya Kamukuywa na Kimilili, Mlima Elgon ukionekana upande wa kulia.

Sasa hesabu ya Nairobi. Hapa wengi hukosea, kwani Wilson iko upande wa pili wa Ikweta, digrii 1.32 kusini. Usitoe, jumlisha. Kutoka Kitale, 0.97 na 1.32 ni digrii 2.29, ambazo ni kilomita 254 za kwenda kusini. Wilson iko longitudo ya digrii 36.81, kwa hivyo safari ya mashariki ni digrii 1.85, sawa na kilomita 205. Kwa Bungoma, kusini ni digrii 1.90, kilomita 211. Mashariki ni digrii 2.26, kilomita 251. Kitale imezidi kwa kaskazini, Bungoma imezidi kwa magharibi, na mizani inakuwa sawa: kila mmoja yuko kilomita 327 hivi na Nairobi.

Kubadilisha umbali kuwa muda kunaonekana rahisi, maana ni kugawa tu kwa kasi. Lakini ndege ipi? Cessna Caravan, ile ndege ndogo yenye injini moja inayojulikana sana katika viwanja vyetu vidogo, husafiri takriban kilomita 300 kwa saa. Dash 8, yenye injini mbili za mapanga, hukaribia kilomita 500. Ndege kubwa za jeti hupita 800. Programu nyingi za kukadiria hutumia kasi ya jeti na kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa Kitale na Bungoma hilo huleta jibu la dakika 35 au karibu na hapo, kwa ndege ambayo isingetumwa kwenye viwanja hivyo. Caravan ingeimaliza safari hiyo kwa dakika 20 hivi: 13 za mwendo kamili, na zilizosalia za kupaa, kuzunguka na kujipanga kutua.

Kadiri safari inavyokuwa fupi ndivyo kugawa kwa kasi kunavyodanganya zaidi. Ndege haifikii mwendo wake kamili pale inapoachana na ardhi. Hupanda polepole, husafiri, kisha huanza kushuka mapema. Isitoshe, muda unaoandikwa kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa upande wa pili, si tangu magurudumu yanapoinuka. Ndiyo sababu safari ya Kitale hadi Wilson, ambayo kwa Dash 8 ingekuwa ya dakika 40 na ushee kwenye karatasi, si ajabu ikatengewa saa nzima.

Upepo nao una neno lake. Tuchukue ndege inayosafiri kilomita 450 kwa saa. Ikisukumwa na upepo wa kilomita 40 kutoka nyuma, itazimaliza kilomita 327 kwa dakika 40. Upepo huo ukiigonga usoni, itahitaji dakika 48. Dakika nane hazimuumizi abiria, ila kampuni ya ndege huziona kwenye bili ya mafuta.

Jambo zito zaidi ni mwinuko wa ardhi. Kitale iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17, nayo ndege huitegemea hewa kwa mambo yote mawili: mabawa hupata nguvu ya kuinua kutoka kwayo, na injini huivuta ili kuchoma mafuta. Jua la adhuhuri huizidisha wepesi. Kwa hivyo ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, huhitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia Kitale kuliko ambayo ingehitaji pwani. Uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka wa 1997 kwenye mwinuko wa takriban mita 2,150, una barabara ya kurukia yenye urefu wa mita 3,500. Ule wa Kitale hauna hata nusu ya urefu huo. Rubani ambaye barabara yake ni fupi ana njia moja ya kujinusuru, nayo ni kupunguza uzani: abiria wachache, mizigo michache, mafuta ya kutosha tu. Anayetarajia kumpelekea shangazi yake wa Nairobi gunia la mahindi ya Trans Nzoia atafute basi.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa ni dakika 20 tu, mbona hakuna anayeanzisha safari ya Kitale na Bungoma? Jibu haliko kwenye ufupi wa safari. Kutoka uwanja wa Dar es Salaam hadi ule wa Zanzibar ni takriban kilomita 73, kumi tu zaidi ya za kwetu, na ndege huruka huko mara nyingi kila siku kwa muda wa dakika 20 hivi. Huko Scotland, katika visiwa vya Orkney, kuna safari ya ratiba kati ya Westray na Papa Westray isiyotimiza kilomita tatu. Huchukua chini ya dakika mbili, nayo ndiyo fupi kuliko zote duniani.

Kote huko pana bahari katikati. Asiyepanda ndege hana budi kungoja chombo, na chombo kina saa zake, mawimbi yake na foleni yake. Kati ya Kitale na Bungoma hakuna maji ya kuvuka. Kuna matatu inayoondoka ikijaa, kwa nauli ambayo haiwezi kulinganishwa na mafuta ambayo ndege huyateketeza katika dakika zake za kwanza za kupaa. Mtu angetumia dakika 20 angani baada ya kungoja saa nzima uwanjani, na kabla ya hapo apande bodaboda kwenda uwanja ulioko nje ya mji. Matatu ya saa mbili ingemfikisha wakati ule ule, pengine mapema zaidi, na ingemshusha sokoni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ndege hushinda pale tu saa inazookoa angani zinapozidi zile inazozila ardhini. Zinazoliwa ardhini hazipungui sana safari ikiwa fupi. Foleni ya kukagua mizigo ni ile ile kwa aendaye karibu na aendaye mbali.

Tukilipima hilo kwa safari ya Nairobi, tofauti ya Kitale na Bungoma hujitokeza waziwazi. Uwanja wa Kitale uko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji. Umekuwa ukipokea ndege za abiria kutoka Wilson, ingawa kampuni zinazotoa huduma hiyo zimekuwa zikiingia na kutoka kadiri biashara inavyokubali. Mpe msafiri dakika 20 za kufika uwanjani, saa moja ya ukaguzi na kungoja, saa moja ya safari, na dakika 45 za kutoka Wilson hadi katikati ya jiji. Jumla ni saa tatu na dakika chache. Basi lingemchukua kilomita 380 kupitia Eldoret na Nakuru, kwa muda wa saa saba hadi tisa, na mwezi wa Desemba, magari yanaposongamana kati ya Naivasha na Nakuru, hakuna anayethubutu kumtajia saa ya kufika.

Msafiri wa Bungoma naye ana uwanja mdogo mjini kwake, na mwingine huko Matulo, karibu na Webuye. Viwanja hivyo hupokea ndege za kukodiwa na za wageni wa serikali, lakini si safari za abiria za kila siku. Kwa hivyo ana milango mitatu, na yote iko mbali. Kwa mstari ulionyooka, Kisumu iko kilomita 76, Eldoret kilomita 79 na Kitale kilomita 63. Wengi huchagua Kisumu, kwa kuwa ndege zake ni nyingi. Barabarani ni zaidi ya kilomita 100, sawa na saa mbili na nusu. Ongeza saa moja na nusu ya tahadhari na ukaguzi, dakika 50 za ndege, na saa moja na zaidi ya kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi jijini. Zimetimia saa sita. Akitumia Kitale, safari inaweza kupungua hadi karibu saa tano, hasa kwa kuwa uwanja uko upande wake wa mji na halazimiki kuingia Kitale yenyewe. Lakini huko ndege ni chache, na akiikosa ya asubuhi huenda amepoteza siku.

Si kwamba Bungoma haina watu. Sensa ya mwaka wa 2019 iliihesabia Kaunti ya Bungoma wakazi 1,670,570, ilhali Trans Nzoia ilikuwa na 990,341. Kinachoiangusha Bungoma, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni ujirani wake. Abiria wake wamegawanyika: wa Kimilili na Kamukuywa huvutwa na Kitale, wa Webuye hutazama Eldoret, wa Bungoma mjini huteremka Kisumu. Kampuni ya ndege inayotafuta viti 37 vya kujaza kila asubuhi haiwapati mahali pamoja. Kitale, kwa upande wake, ina mashamba makubwa, ina makao makuu ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka wa 1956, na ni kituo cha mashirika yanayoelekea Pokot Magharibi na Turkana. Hao ni watu ambao tiketi zao hulipiwa na ofisi. Abiria anayejilipia mwenyewe huipima nauli kwa kipimo kikali zaidi.

Hata hivyo, kuupima uwanja kwa wingi wa safari za ratiba pekee ni kuupunja. Huduma ya Flying Doctors, iliyoanzishwa mwaka wa 1957 na yenye makao yake Wilson, ilizaliwa kutokana na ukweli kwamba kuna wagonjwa ambao barabara haiwafai. Mgonjwa mahututi wa Bungoma kwa kawaida hukimbizwa kwa ambulensi hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo wa karibu kilomita 95. Akilazimika kufikishwa Nairobi usiku uo huo, swali si umbali, kwa kuwa kilomita 327 ni kazi ya saa moja au zaidi kidogo. Swali ni kama barabara ya kurukia iliyo karibu naye imefyekwa nyasi, haina mashimo wala ng'ombe, na kama ina taa. Viwanja vingi vidogo havina taa, na ndege hutua huko mchana tu. Mchana wenyewe si wote unaofaa. Katika nyanda hizi za Elgon na Ziwa Victoria, mawingu ya radi hujikusanya alasiri, na ndiyo maana marubani huipenda asubuhi.

Kuna kundi la wasafiri ambalo hesabu hizi huligusa zaidi kuliko wengine. Ni vijana wa kaunti hizi wanaokwenda kufanya kazi katika mataifa ya Ghuba. Tuwapimie safari yao ya Doha, mji mkuu wa Qatar. Kwa umbali huu kanuni ya Pythagoras huanza kuteleza, maana dunia ni mviringo na mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyopanda kaskazini. Ukiing'ang'ania utakosea kwa kilomita 30 hivi. Kwa safari ya London kosa litakuwa kubwa zaidi. Njia sahihi ni ya duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe, ule ambao uzi ungeufuata ukiukaza baina ya sehemu mbili za dunia ya darasani. Kwa hesabu hiyo, Nairobi na Doha ziko takriban kilomita 3,350 mbali, na ndege ya jeti huzimaliza kwa saa tano hivi.

Ajabu ni kwamba kutoka uwanja wa Kitale hadi Doha ni kama kilomita 3,240. Kijana wa Kitale yuko karibu na Doha kuliko aliye Nairobi, kwa zaidi ya kilomita 100! Lakini ni lazima kwanza arudi nyuma kilomita 327 kusini-mashariki ndipo aanze kwenda kaskazini. Uwanja wa Entebbe nao uko kilomita 242 tu kutoka Bungoma, karibu zaidi kuliko Nairobi, ila kuna mpaka wa Malaba katikati, na mara nyingi mawakala huwakatia wasafiri hawa tiketi za kuanzia Nairobi.

Anayechagua kuruka kutoka Kitale akumbuke kwamba atashukia Wilson, ilhali ndege za Ghuba huondokea Jomo Kenyatta. Viwanja hivyo viwili vimetenganishwa na mwendo wa barabara ambao asubuhi ya Jumapili waweza kuchukua nusu saa, na jioni ya Ijumaa yenye mvua ukala saa moja na nusu. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, imesaidia, lakini ni lazima kwanza uifikie. Anayepitia Kisumu hadi Jomo Kenyatta aweza kuwa amesafiri barabarani zaidi mwanzoni, ila hashiki tena teksi. Na iwapo tiketi mbili zimenunuliwa kando kando, kampuni ya pili hailazimiki kumngoja abiria aliyecheleweshwa na ya kwanza. Mwenye tiketi za namna hiyo na aache nafasi ya nusu siku kati ya ndege na ndege, hata kama programu inamwambia saa mbili zinatosha.

Kosa linalogharimu zaidi halihusu kilomita hata kidogo, bali saa. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali ndege inapoondokea na za mahali inapotua. Doha ina saa sawa na Kenya, kwa hivyo hapo hakuna utata. Dubai iko mbele kwa saa moja. Anayetoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ataamini kwamba safari ni ya saa sita, kumbe ni tano. Tena tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, si saa zetu za Kiswahili zinazoanza machweo na macheo. Saa 22:40 ni saa nne na dakika 40 usiku. Saa 00:40 ya tarehe 15 ni saa sita na dakika 40 za usiku wa kuamkia tarehe 15, na msafiri hutakiwa awe uwanjani saa tatu kabla, yaani mwendo wa saa tatu na dakika 40 usiku wa tarehe 14. Kwa mtu wa Bungoma anayetegemea basi, hiyo ina maana ya kuwa garini asubuhi ya tarehe 14, si ya tarehe 15.